AMANA YA MNAKILI
Somo katika kunakili vitabu kwa mkono, kuvilinganisha na kuvijalidi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu na maandishi. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika nyumba nyingi za pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa na visiwani, mna sanduku la vitabu lililoachwa na babu. Ndani yake mna fikihi na faraidhi, maulidi na nyiradi, tenzi, na pengine vipande alivyoandika mwalimu kwa mkono wake alipokuwa akisomesha. Mara nyingi nakala ni hiyo moja tu, haina ya pili. Mchwa huanza na jalada, unyevu hufuatia wino. Masika moja ya paa linalovuja hutosha kuondoa kazi ya umri mzima. Wenye sanduku hulifungua mara moja kwa mwaka, wakaona, wakahuzunika, wakalifunga. Huzuni haihifadhi kitabu. Kihifadhicho kitabu ni kalamu, na sindano, na jicho la pili. Somo hili laeleza kazi hizo, na jambo moja lililo roho yake: ya kuwa nakala isiyolinganishwa na asili yake haijawa kitabu, hata ikiwa imeandikwa kwa maji ya dhahabu.

YA KWANZA: ASILI YA KAZI HII

Mwenye kutaka kujua daraja ya mnakili na aangalie jinsi Qur'ani Tukufu ilivyokusanywa. Baada ya vita vya Yamama, kiasi cha mwaka wa 633 wa miladi, walikufa wasomaji wengi, na Sayyidna Abubakar, kwa shauri la Sayyidna Umar, akamwamrisha Zayd bin Thabit kuikusanya. Zayd alikuwa kijana mwenye akili asiyetuhumiwa, na alikuwa mwandishi wa wahyi. Juu ya hivyo hakutosheka na aliyoyahifadhi moyoni. Aliyafuatia maandishi na vifua vya watu. Kisha zama za Sayyidna Uthman sahifa zile zilikuwa kwa Bibi Hafsa, Mama wa Waumini. Sayyidna Uthman akaziomba, akawaweka Zayd bin Thabit, Abdallah bin Zubayr, Said bin al-As na Abdulrahman bin al-Harith wazinakili. Walipokwisha, akamrudishia Bibi Hafsa sahifa zake, ndipo misahafu ikapelekwa katika miji. Haya yamepokewa na Imam Bukhari.

Katika kisa hicho mna mafunzo matatu yanayotosha kuwa msingi wa somo lote: mnakili awe mwaminifu, asitegemee kumbukumbu yake peke yake, na asili iliyoazimwa irudi kwa mwenyewe.

Pwani nayo haikukosa fungu lake. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa pahala pa wanavyuoni, wanakili na mafundi wa ngozi, na misahafu iliyoandikwa huko katika karne ya 18 na ya 19 ingalipo mpaka leo, mingine katika nyumba za makumbusho za nchi za mbali. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, yalisalia kwa kuwa watu waliyahifadhi na kuyaandika. Na katika waliofanya kazi hiyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka wa 1890. Lamu alikuwapo Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka wa 1945, ambaye mkono wake ulinakili tenzi nyingi. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alileta mtambo wa kupiga chapa, lakini kalamu haikuwekwa chini. Kwani chapa hutoa vitabu vinavyotakwa na wengi, na yaliyomo katika sanduku la babu hayatakwi ila na watu wa mji ule.

YA PILI: NIA NA IDHINI

Mnakili aanze kwa nia ya kuhifadhi elimu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha ya kuwa amali ya mwanadamu hukatika kwa kufa kwake isipokuwa kwa mambo matatu, na moja katika hayo ni elimu yenye kunufaisha. Kitabu kilichonakiliwa kwa usahihi kimo katika mlango huo. Lakini kilichonakiliwa kwa makosa nacho kina mlango wake, kwani atakayepotea kwa kukisoma atakuwa amepotezwa na mkono wa mtu.

Kisha atake idhini. Badr al-Din Ibn Jamaa, kadhi wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka wa 733 wa Hijra (1333), ameeleza katika kitabu chake cha adabu za mwalimu na mwanafunzi ya kuwa kitabu cha kuazima hakinakiliwi bila ya ruhusa ya mwenyewe, wala haandiki mtu kitu pambizoni mwake ila akijua kuwa mwenyewe ameridhia.

Kitabu kilichopigwa chapa na mtungaji wake au mrithi wake angali na haki juu yake, kina hukumu yake. Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait mwaka wa 1988, iliamua ya kuwa haki za utungaji ni haki zinazolindwa na sheria, wala haijuzu kuzivunja. Basi asije mtu akachukua jasho la mwenziwe, akalitoa nakala na kuliuza, kisha akaita jambo hilo kueneza elimu.

YA TATU: VYOMBO

Karatasi iwe ngumu, isiyofyonza wino. Karatasi ya gazeti haifai, kwani hugeuka manjano na kuvunjika. Karatasi ya mashini ina nyuzi zilizolala upande mmoja: huikunja vizuri ukienda nazo, na hukataa ukizikata. Mkunjo wa kitabu uende na nyuzi, ili majani yalale yakifunguliwa.

Wino wa zamani wa chuoni ni masizi ya taa yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya Kiarabu na maji. Wino huo haufifii kwa mwanga, lakini maji huuharibu. Uko na wino wa afsi na chuma, ambao hushika sana, lakini ukizidishwa ukali hula karatasi mpaka herufi zikawa matundu. Mwenye kununua wino dukani achague usiofutika kwa maji, aujaribu katika kipande kabla ya kuuweka kitabuni.

Kwa mistari, waliotangulia walitumia mistara: ubao au karatasi nene iliyopitishwa nyuzi kwa nafasi sawa. Jani huwekwa juu yake, likasuguliwa kwa kidole, na alama za mistari zikainuka bila ya wino. Chombo hiki kila mtu aweza kukifanya nyumbani kwa saa moja.

YA NNE: ADABU ZA KUANDIKA

Mnakili akae mahali safi, na ni vizuri awe na udhu, aelekee kibla, aanze kwa Bismillahi. Majani ayakunje matano matano, moja ndani ya jingine. Hiyo ndiyo kurrasa ya Kiarabu, na hapo ndipo lilipotoka neno ukurasa. Kila kurrasa ina majani kumi baada ya kukunjwa, yaani pande ishirini. Chini ya kila jani, upande wa nyuma, aandike neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili mpangilio ukichafuka ujulikane.

Katika adabu walizozitaja Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka wa 643 wa Hijra (1245), na Imam al-Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra (1277), ni hizi. Jina kama Abdallah lisikatwe, likabaki Abd mwisho wa mstari na Jina Tukufu mwanzo wa mstari wa pili. Sala na salamu za Mtume, rehema na amani zimshukie, ziandikwe kwa ukamilifu kila atajwapo, wala zisifupizwe kwa herufi moja au mbili. Na khati isiwe ndogo bila ya dharura. Imepokewa kuwa Imam Ahmad bin Hanbal alimwona mtoto wa ami yake, Hanbal bin Ishaq, akiandika khati nyembamba, akamkataza, akamweleza ya kuwa itamtupa siku atakayoihitaji zaidi. Na siku hiyo ni ya uzee, macho yakiwa yamechoka.

Mnakili asiandike akiwa na usingizi, wala asikimbize kalamu ili amalize. Kitabu cha pande mia mbili ni kurrasa kumi. Mwenye kuandika pande mbili kila siku baada ya Alfajiri humaliza kwa siku mia moja, na hata mvuvi na mwenye duka aweza hayo.

YA TANO: KULINGANISHA

Hapa ndipo penye amana yenyewe. Wanavyuoni wameita kazi hii mukabala, nayo ni kuiweka nakala mbele ya asili neno kwa neno. Njia iliyo bora ni watu wawili: mmoja asome asili kwa sauti, na wa pili afuatishe nakala kwa kidole. Aliyeandika asiachiwe peke yake, kwa sababu jicho lake husoma alilokusudia, si alilolitia.

Mfano wa hatari yake ni mashuhuri. Hadithi ya saumu ya sita katika Shawwal huwafunza watu kufuatisha Ramadhani kwa siku sita. Neno "sitta", yaani sita, katika khati isiyo na nukta hufanana na neno lenye maana ya "kitu". Abu Bakr al-Suli, mtu mwenye elimu nyingi ya adabu, akaisomesha hadithi kwa neno hilo la pili, ikawa kana kwamba watu wameambiwa wafuatishe kwa kitu chochote cha Shawwal. Nukta zikiondoka, idadi ya ibada imeondoka. Na mfano wake ni maneno "sabaa" na "tisaa" ya Kiarabu, yaani saba na tisa. Bila ya nukta meno yao ni sawasawa. Chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Mnakili mzembe aweza kuwaosheza watu mara tisa. Na neno "la" la Kiarabu, lenye herufi mbili tu, likidondoka mbele ya "yajuzu", haramu imekuwa halali katika mji mzima.

Basi alama za kusahihisha ni hizi:

1. Neno lililosahaulika huandikwa pambizoni, likawekewa kijistari mahali pake, na mwisho wake neno "sahha", kujulisha kuwa ni katika kitabu wala si maelezo ya msomaji.
2. Neno lililozidi hupigwa mstari mmoja mwembamba juu yake, nalo lisomeke. Wanavyuoni wamependelea hivyo kuliko kukwangua, kwani kukwangua huharibu karatasi na huleta tuhuma.
3. Neno linaloonekana kosa katika asili yenyewe halibadilishwi. Huandikwa kama lilivyo, likatiwa alama juu yake, na linalodhaniwa kuwa sawa likawekwa pambizoni. Kazi ya mnakili ni kufikisha, si kutunga.
4. Kila kifungu kikisha hutiwa duara tupu. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka wa 463 wa Hijra (1071), amependelea duara hizo ziachwe tupu, na kila kifungu kikilinganishwa itiwe nukta ndani. Atakayekifungua kitabu baadaye akaona duara bila ya nukta atajua kuwa hapo jicho la pili halijapita.

Wala mtu asione uzito kurudia. Imepokewa kuwa al-Muzani aliisoma Risala mbele ya Imam Shafii mwenyewe mara themanini, na kila mara Imam akakuta la kusahihisha. Ikiwa hali ya kitabu cha Imam mbele ya Imam ni hiyo, itakuwaje nakala iliyoandikwa usiku kwa taa?

Kulinganisha kufanywe kurrasa kwa kurrasa, kabla ya kushona, kwani jani likiharibika hapo hubadilishwa kwa wepesi.

YA SITA: KUJALIDI

Kujalidi si pambo. Jalada ni nguo ya kitabu na nyumba yake. Mafundi wa Kiislamu wameitungia vitabu kazi hii. Mmoja wao ni Ahmad al-Sufyani wa Fas, aliyeandika chake mwaka wa 1029 wa Hijra (1619). Kwa ufupi njia ni hii.

Kwanza, kurrasa zipangwe kwa kufuata yale maneno ya chini ya majani, ziwekwe chini ya uzito usiku mmoja. Pili, katika mgongo wa kila kurrasa zitiwe alama mbili mahali pamoja, zinazougawa mgongo kiasi cha mafungu matatu, zitobolewe kwa sindano nene. Kitabu kikubwa huongezwa yakawa matundu manne. Tatu, uzi wa pamba au kitani uliopakwa nta huingia tundu la kwanza, hupita ndani ya mkunjo, hutoka tundu la pili, kisha huenda kurrasa inayofuata. Na kila utokapo hupitishwa chini ya uzi wa kurrasa iliyotangulia, zikashikana kama viungo vya mkufu. Uvutwe kwa kwenda na mkunjo, usivutwe kwa juu, ili karatasi isipasuke.

Nne, mgongo upakwe gundi ya wanga iliyopikwa, ubandikwe kitambaa kilichozidi upana kwa vidole viwili kila upande, uachwe ukauke. Gundi iwe kidogo, kwani wanga ni chakula cha mende. Tano, ncha mbili za mgongo zishonewe utepe mwembamba kwa uzi, ili kitabu kisiraruke kikivutwa rafuni. Sita, mbao za jalada zikatwe kwa karatasi nene, kadiri ya majani yenyewe, zisizidi. Hiyo ndiyo desturi ya kitabu cha Kiislamu. Vile vitambaa vya mgongo vibandikwe juu yake, kisha ngozi ya mbuzi iliyokonda kingoni, au kitambaa kizito kwa asiyeweza ngozi. Saba, upande wa kushoto uongezwe ulimi, ambao hukunjwa ukaingia chini ya jalada la juu, ukazuia vumbi mbele ya majani. Kisha kiwekwe chini ya uzito mpaka kikauke kabisa, wala kisifunguliwe kwa haraka.

Ibn al-Hajj, aliyefariki mwaka wa 737 wa Hijra (1336), amemwonya mjalidi kwa mambo mawili: asichanganye mpangilio wa majani, na asitumie karatasi zilizoandikwa asizozijua kuwa mjazo wa jalada, pengine zikawa na Qur'ani au hadithi au majina matukufu.

YA SABA: HUKUMU ZA TWAHARA

Katika madhehebu ya Shafii, ni haramu kwa asiye na udhu kuugusa msahafu na kuubeba, na jalada lililoshikana nao lina hukumu hiyo hiyo. Basi mjalidi wa msahafu awe na udhu mpaka amalize. Ama kuandika Qur'ani bila ya kuigusa karatasi wala kuibeba, kauli iliyo sahihi ni kuwa yajuzu. Lakini bora ni udhu. Vitabu vya fikihi na hadithi havishurutizwi udhu, ijapokuwa kuvisoma kwa udhu ni adabu njema.

Ni haramu kuandika Qur'ani kwa kitu najisi. Hivyo ndivyo alivyoeleza Imam al-Nawawi katika kitabu chake cha adabu za wabebao Qur'ani. Basi wino na gundi vijulikane asili yake. Ngozi ya mnyama aliyekufa bila ya kuchinjwa hutwahirika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Na kufungua majani ya msahafu kwa kidole chenye mate wamekukataza wanavyuoni wa madhehebu, ingawa wengi hufanya bila ya kujua.

YA NANE: KUWEKA, KUAZIMA NA WAKFU

Kitabu kikisha kiandikwe mwisho wake: asili aliyonakilia, tarehe ya kumaliza, na kuwa kimelinganishwa, na nani na nani. Maneno hayo machache ndiyo ushahidi wake.

Kisiwekwe chini wala kubana ukuta wenye unyevu. Kitolewe mara kwa mara kivulini, si juani. Kisikunjwe pembe za majani, wala kisifanywe mto au kipepeo. Vikipangwa juu ya vingine, msahafu uwe juu ya vyote. Picha zilizopigwa kwa chombo ni akiba nzuri dhidi ya moto na mafuriko, lakini picha hazisomeshi darasani, wala hazimjulishi mtoto khati ya babu yake kama kuinakili.

Mwenye kitabu asikinyime mwenye kukihitaji, na mwenye kuazima asikikawize. Na atakaye thawabu isiyokatika akiweke wakfu, aandike ukurasa wa kwanza ni kwa nani na wapi, na kuwa hakiuzwi, hakirithiwi, wala hakitolewi zawadi. Sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa maadamu haliendi kinyume cha sheria.

KHATIMA

Kila mwenye sanduku na alifungue wiki hii, achague kitabu kimoja, kile ambacho hakina cha pili, anunue karatasi, na amtafute mwenzi wa kusoma naye. Akinakili kurrasa moja ikalinganishwa, hiyo imeokoka. Asiyejua kuandika khati ya Kiarabu vizuri amtafute kijana wa chuoni, amlipe ujira wake. Na malipo hayo yana sehemu yake katika thawabu, inshallah.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Mafunzo gani matatu hutoka katika kisa cha sahifa za Bibi Hafsa?
2. Kwa nini mnakili asilinganishe peke yake?
3. Neno likionekana kosa katika asili, mnakili afanye nini?
4. Kitabu cha pande mia na sitini huwa kurrasa ngapi za majani matano?
5. Ipi hukumu ya kugusa jalada la msahafu bila ya udhu?

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kuliko taufiki.